MWANAO AMEITWA KUSOMA SAYANSI YA SIASA: USIMZUIE, MUANDAE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kila mwaka wanafunzi wakishapangiwa vyuo vikuu, huletewa swali hili: "Sheikh, mtoto wangu ameitwa kusoma sayansi ya siasa. Yafaa kweli? Si bora abadilishe akasome ualimu?"

Mara hii limeletwa na familia moja hapa Mombasa kuhusu binti yao. Binti amefaulu vizuri, madrasa amemaliza, na somo hili amelichagua mwenyewe. Baba anasema siasa ni uchafu. Mama anaogopa mtoto atarudi dini imemtoka. Mjomba anasema hakuna kazi huko. Watu wazima watatu, hofu tatu, na binti amekaa kimya anangoja wazee waamue. Na nafasi ya chuo ina siku zake, zikipita ndiyo imepita.

Jawabu nililowapa nataka niliandike hapa liwafae na wengine. Kwa ufupi ni hili: mwacheni akasome. Lakini msimtume mikono mitupu.

KUSOMA SIASA SI KUFANYA SIASA

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Watu wengi wakisikia neno siasa huona majukwaa, matusi, pesa za kugawa usiku na vijana wa kukodiwa. Hayo ni matendo ya watu. Daktari akisoma malaria hakuna anayesema amekuwa mbu. Anasoma maradhi ili watu wapone.

Mwanafunzi wa sayansi ya siasa anasoma vipi watu wanatawaliwa. Dola ni nini na ilitoka wapi. Katiba inaandikwaje na kwa nini nyingine hudumu na nyingine huvunjwa. Kwa nini nchi mbili zilizopata uhuru wakati mmoja, moja ikatulia na moja ikaingia vitani. Anasoma utawala wa umma, yaani ofisi za serikali zinavyoendeshwa. Anasoma uhusiano wa mataifa. Anasoma mbinu za utafiti na takwimu. Kijana akisoma haya kwa miaka minne, akayashika, si mtu wa kudanganywa na mwenye kipaza sauti.

DINI INASEMAJE?

Ndugu yangu mzazi unayesema siasa ni uchafu, fungua Sura Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) alipotolewa gerezani na mfalme wa Misri akampa heshima, aliomba asimamie hazina za nchi. Na alitaja sifa mbili za kumfaa kazi ile: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na ni mwenye ujuzi. Zitazame sifa hizo. Uaminifu NA elimu. Miaka ya njaa ilikuwa inakuja, na watu wangekufa kama ghala lingeshikwa na mwizi. Wangekufa vilevile kama lingeshikwa na mwema asiyejua hesabu.

Sasa mkumbuke Abu Dharr (R.A.). Sahaba mkubwa, mkweli, mchamungu. Alipomuomba Mtume (S.A.W.) ampe cheo, Mtume alimwambia kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo lile, na kwamba uongozi ni amana, na siku ya Kiyama ni hizaya na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake akatekeleza wajibu wake. Hakuna aliyetilia shaka uchamungu wa Abu Dharr. Tunachojifunza ni kwamba uchamungu peke yake haumfanyi mtu afae kila kazi.

Sisi husema, "Tunataka viongozi wacha Mungu." Sawa kabisa. Lakini nani kati yetu anawasomesha hao wacha Mungu kazi yenyewe?

Na maulamaa wetu hawakuikimbia elimu hii. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alikuwa kadhi, na aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za utawala: khalifa, mawaziri, makadhi, kodi, usimamizi wa soko. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, naye alikuwa kadhi. Katika Muqaddima yake alieleza vipi dola huinuka kwa mshikamano wa watu na vipi huanguka anasa inapoingia. Hadi leo vyuo vikuu vya dunia vinamsoma. Itakuwa ajabu wengine wamsome Ibn Khaldun, na mjukuu wa madrasa zetu azuiwe mlangoni.

Na kama shaka yako ni kwamba huyu ni msichana, kumbuka Hudaybiyya, mwaka wa 6 Hijria. Mkataba umeandikwa, masahaba wamejawa na huzuni, Mtume (S.A.W.) amewaamuru wachinje na wanyoe, na hawakuinuka. Aliyetoa shauri alikuwa Ummu Salama (R.A.): atoke, asiseme na mtu, achinje na anyolewe yeye mwenyewe. Akafanya, na watu wote wakainuka wakafuata. Mwanamke aliusoma umma uliokuwa kwenye mtihani, na shauri lake likakubaliwa na mbora wa viumbe.

MAHAKAMA YA KADHI HAIKUSHUKA NA MVUA

Watu wa Pwani, hebu tuzungumze kwetu. Leo ukifiwa, mirathi yako inaweza kwenda kwa Kadhi. Binti akidhulumiwa katika ndoa, ana pa kushtaki. Umewahi kujiuliza kwa nini Kenya, nchi ambayo Waislamu si wengi, ina Kadhi ndani ya katiba?

Kwa sababu ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Mwingereza akausimamia kwa makubaliano ya mwaka 1895. Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1963, serikali ya Kenya na ile ya Zanzibar zikaandikiana makubaliano kwamba mahakama za Kadhi zitahifadhiwa. Kisha mwaka 2010, katiba mpya ilipoandikwa, jambo hili likawa moto. Wako viongozi wa makanisa waliopinga katiba ile, na mahakama za Kadhi zilikuwa moja ya sababu zao. Ikapigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010, ikapita kwa takriban asilimia 67. Leo Kadhi yuko kwenye kifungu cha 170.

Katika kila hatua palihitajika watu wanaojua historia, wanaojua katiba inavyoandikwa, wanaoweza kukaa meza moja na wasiokubaliana nao wakazungumza kwa hoja bila kelele. Jambo hili likifunguliwa tena kesho, nani atakaa kwenye meza hiyo kwa niaba yetu? Sauti ya kupiga takbir tunayo. Je, mtu wa kuandika kifungu tunaye?

BARAZA LA KAHAWA NA BAJETI YA KAUNTI

Tunakaa barazani baada ya Isha, kahawa tungu na kashata, tunaisema serikali mpaka saa sita za usiku. Barabara mbovu, maji hakuna, zahanati haina dawa. Yote kweli. Lakini sheria imeweka tarehe. Kaunti hupeleka bungeni kwake waraka wa mwelekeo wa matumizi kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika huko kufikia tarehe 30 Aprili. Na katiba imesema wananchi lazima washirikishwe. Mikutano huitwa, watu wachache huenda, na wakienda hupewa kitabu kinene cha tarakimu ambacho hawajui waanzie ukurasa gani.

Zahanati ya mtaa wenu imo kwenye ukurasa mmojawapo, au haimo. Anayejua kuusoma ukurasa huo ndiye anayeweza kusimama akauliza, "Mwaka jana mlitenga pesa hizi, ziko wapi?" Swali hilo, likiulizwa kwa adabu na ushahidi, hufanya kazi ambayo mwaka mzima wa kulalamika barazani haufanyi.

Ndiyo maana nasema elimu hii kwa jamii yetu ni katika fardhi kifaya. Wakiwepo wa kutosha wanaoijua, wengine tumepumzika. Wasipokuwepo, tunaoneana sote, na lawama ni yetu sote.

MTOTO WA KADHI ALIYESOMA SIASA

Mwenye kusema mtoto wa madrasa hana njia huko, amuangalie Profesa Ali Mazrui. Alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwandishi wa magazeti ya kuwaamsha Waislamu. Mtoto akasoma siasa Manchester, Columbia na Oxford, akawa profesa wa sayansi ya siasa Makerere. Idi Amin alipoitawala Uganda kwa mabavu hakumnyamazia, na ikambidi aondoke nchini humo. Akafundisha Marekani hadi uzee wake. Mwaka 1986 filamu zake za televisheni ziliieleza Afrika kwa dunia kwamba imebeba urithi wa aina tatu: wa kienyeji, wa Kiislamu na wa Magharibi. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa akazikwa Mombasa kwa wazee wake.

Si lazima ukubaliane na kila alichoandika. Lakini dunia ilipotaka kusikia Mwislamu wa Afrika anasema nini, alikuwepo mtu wa kujibu kwa lugha wanayoielewa.

HOFU ZENU NI ZA KWELI

Sitawaambia hakuna hatari. Mama anayeogopea imani ya mwanawe hakukosea. Huko atamsoma Machiavelli, anayemfundisha mtawala kwamba asipoweza kuwa na vyote viwili, kuogopwa ni salama kuliko kupendwa. Atamsoma Hobbes, anayeona watu bila mtawala mwenye nguvu wataliana. Atamsoma Marx, aliyeiona dini kama kitu cha kumtuliza aliyedhulumiwa. Mtoto asiye na msingi atayumba.

Lakini fikra hizo ziko pia kwenye simu aliyoishika sasa hivi sebuleni kwako, na kwenye simu hakuna mwalimu. Dawa ni kumpa msingi. Akijua tauhidi yake, akijua sira ya Mtume wake, atawasoma hao wote kama mwenye duka anavyokagua mzigo: hiki kizima nakichukua, hiki kibovu nakirudisha.

Na mjomba anayeuliza kazi, naye ana haki. Shahada hii si kama uuguzi, ambao ukimaliza kazi yako inajulikana kwa jina. Ziko nafasi serikalini, kwenye kaunti, mashirika, vyombo vya habari, utafiti, ubalozi, na wengine huongeza sheria baadaye. Lakini hakuna aliyewekewa kiti. Anayemaliza na cheti tu atahangaika. Anayemaliza akiwa anajua takwimu, anaandika ripoti safi, na amewahi kujitolea kwenye ofisi angali mwanafunzi, huyo ana la kuonyesha.

KWAKO WEWE MWANAFUNZI

Binti yangu, mwanangu, shika haya manne.

1. Safisha nia. Ukisoma ili siku moja ule kama wanavyokula, umeshapotea kabla ya muhula wa kwanza.

2. Swala tano usizifanyie mjadala. Tafuta jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu wiki ya kwanza, usingoje uyumbe ndipo utafute.

3. Usikimbie hesabu. Wanafunzi wengi wa somo hili hupenda maneno na kuogopa tarakimu. Yusuf (A.S.) alisimamia ghala, na ghala ni hesabu.

4. Usiuze kalamu yako. Wanasiasa watakuja chuoni na nauli na fulana. Leo utaandika sifa za huyu, kesho matusi kwa yule, na ukimaliza shahada hutakuwa na jina. Mwenye elimu hii akiwa kinanda cha mwanasiasa, madhara yake ni makubwa kuliko ya jahili, kwa sababu anajua anachokificha.

NA SISI WA MSIKITINI

Tunachanga mazulia, tunachanga vigae, tunachanga vipaza sauti, na Allah atatulipa. Lakini kijana akiitwa chuo tunampa dua na kumpa mkono, basi. Kamati za misikiti zijiulize: haiwezekani kila mwaka tumshike mwanafunzi mmoja tu, tumlipie chumba na vitabu, kwa sharti kwamba likizo akirudi atusomee bajeti ya kaunti hapa hapa baada ya darasa la Magharibi? (Suala la mikopo ya masomo na riba ni refu, nitaliandika peke yake inshaAllah.)

Baba yake binti, nakuomba kwa heshima. Mtoto huyu umemlea kwa halali, umemsomesha Qur'ani. Ukisema siasa ni chafu, basi jua anayehitajika kwenye chumba kichafu ni mwenye ufagio. Mwache aende, na umsindikize mwenyewe mpaka getini ili ajue ana baba nyuma yake.

Ewe Mola wetu, wape watoto wetu elimu yenye manufaa, wahifadhi katika dini yao, wajaalie wawe waaminifu na wajuzi, na usitupe viongozi wasiokuogopa wala wasiotuhurumia. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.

Ukiona lina faida, mfikishie mzazi mwenzako ambaye bado hajaamua.