Mwenyeji na Mgeni: Herufi za Viunganishi kwenye Bodi za Saketi

Neno "kiunganishi" si geni kwa wasomaji wa ukurasa huu. Ndilo jina tunaloyapa maneno kama "na", "lakini" na "kwa sababu", maneno madogo yanayokutanisha makubwa. Waandishi wa vitabu vya elektroniki nao wamelichukua neno hilohilo ili kutaja kile ambacho mafundi wa mitaani hukiita konekta: mahali ambapo waya huingia na kutoka katika bodi ya saketi. Ninaandika kuhusu kiunganishi hiki cha pili, kwa sababu kazi yangu ya mchana ni kuchora saketi na ya usiku ni kupanga vina, na nimeona kwamba mabishano ya wachoraji kuhusu herufi za viunganishi yanafanana mno na mabishano yetu kuhusu ngeli.

Kila kipande kilicholehemiwa kwenye bodi hupewa herufi na namba. R1 ni rezista ya kwanza, C4 ni kapasita ya nne, Q2 ni transista ya pili, U3 ni saketi unganifu ya tatu. Herufi hizo huchapwa kwa wino mweupe kando ya kipande, na hurudi tena katika mchoro wa saketi na katika orodha ya vipuri. Fundi anayeambiwa "pima volti kwenye C4" haulizi ni kapasita gani. Kwa hiyo alama hii hufanya kazi ya anwani: hutaja nyumba, wala haielezi tabia za mwenye nyumba.

Kwa vipande vingi hakuna ugomvi mkubwa. Ugomvi umo katika viunganishi. Bodi moja huviita J, nyingine P, nyingine X, nyingine CN, nyingine CON. Katika mchoro wa Arduino Uno, bodi iliyozaliwa katika familia ya Italia, tundu la umeme ni X1 na tundu la USB ni X2. Bodi nyingi za vifaa kutoka Japani na China huandikwa CN. Wamarekani hutumia J na P. Mchoraji anayeanza bodi yake Nairobi au Dar es Salaam anakuta milango yote iko wazi, na programu yake ya kuchorea humruhusu kuingia wowote.

Mimi nachagua J kwa kila kiunganishi kilichofungwa kwenye bodi, na nina sababu ambayo mwanafunzi yeyote wa sarufi ya Kiswahili ataielewa upesi kuliko mhandisi.

Watu wengi hudhani kwamba J na P hutofautishwa kwa umbo. Mafundi wetu husema "dume" na "jike": chenye pini zilizochomoza ni dume, chenye matundu ni jike. Basi wanahitimisha kwamba dume ni P, jike ni J. Lakini kiwango cha Marekani, IEEE 200 cha mwaka 1975, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na ASME Y14.44 cha mwaka 2008, kinaanza na swali jingine. Katika jozi ya viunganishi vinavyokutana, kile kilicho tulivu zaidi ni J, na kile kinachohamishika zaidi ni P. Swali la kwanza ni hili: nani anakaa, nani anakuja? Safu ya pini iliyolehemiwa kwenye bodi ni J, hata kama pini zake zimesimama kama miiba ya nungunungu. Plagi iliyo mwishoni mwa kebo ni P, hata kama ndani yake mna matundu matupu.

Wasomaji wa sarufi mmekwisha kuona ninakoelekea. Kwa muda mrefu ngeli za Kiswahili ziligawanywa kwa viambishi vya nomino zenyewe, yaani kwa umbo. Kwa kigezo hicho "kipofu" na "kiboko" vingekaa na "kiti" na "kikombe". Lakini hakuna Mswahili anayesema "kipofu kimekuja". Husema "kipofu amekuja", kwa sababu upatanisho hufuata uhai wa kinachotajwa na kuuacha mwanzo wa neno. Ndiyo maana wanasarufi wengi wa sasa huzipanga ngeli kwa upatanisho wa kisarufi: A-WA, KI-VI, LI-YA. Waliuliza neno linafanya nini katika sentensi, wakaliweka penye tabia yake. Safu ya pini kwenye bodi ni "kipofu" wa elektroniki: imevaa vazi la P, lakini upatanisho wake ni wa J.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Raspberry Pi. Toleo la kwanza, la mwaka 2012, lilikuwa na safu ya pini 26 zilizosimama wima, nayo iliitwa P1. Mwaka 2014 lilipokuja toleo la B+, safu ikawa ya pini 40 na jina likawa J8. Umbo lilibaki lilelile: pini zilizosimama wima juu ya bodi. Herufi ndiyo iliyohama. Mtu anayesoma mwongozo wa zamani unaomwambia aunganishe waya kwenye P1, huku bodi iliyo mkononi imeandikwa J8, lazima asimame na kukisia. Kukisia hapo kuna gharama, kwa kuwa pini za ishara za bodi hiyo zimeundwa kwa volti 3.3, na jirani yake mna pini zinazotoa volti 5. Waya ukiteleza nafasi moja, bodi inaweza kuungua. Shairi lenye kina kibovu humuudhi msikilizaji. Kiunganishi chenye jina bovu huweza kuchoma mali ya mtu.

Najua hoja ya upande wa X. Mfumo wa kimataifa wa IEC umeitenga X kwa vitu vya kuunganishia, na mhandisi wa Ujerumani atakuona mshamba ukimwandikia J. Ninaiheshimu hoja hiyo. Lakini X ina mzigo mwingine: katika desturi ya Marekani ni alama ya kishikizo cha kipande kingine, hivi kwamba XF1 ni kishikizo cha fyuzi F1 na XU3 ni soketi ya U3. Wachoraji wengine huipachika kwenye kristali pia. Zaidi ya hayo, X peke yake haimwambii msomaji ni upande upi wa jozi unaozungumziwa. J na P husema. Kwa desturi, J1 hupokea P1, J2 hupokea P2. Namba zinaoana kama ubeti na jibu lake katika malumbano. Fundi aliyeshika kebo iliyoandikwa P2 anajua pa kuichomeka bila kufungua mwongozo.

Kuna hoja ya pili, nayo inatoka nyumbani. Wapo wenzetu wapenzi wa lugha wanaouliza kwa nini tuendelee kuazima herufi. Kwa nini kiunganishi kisiwe K? Kwa nini tundu lisiwe T na soketi isiwe S? Nia yao ni njema na ninaipenda. Hata hivyo K tayari ni relei, T ni transfoma na S ni swichi. Mchoraji wa Kiswahili atakayeandika K1 kwa kiunganishi atamfanya fundi mwenziwe atafute relei isiyokuwepo.

Isitoshe, tukichunguza tutaona kwamba herufi hizi si Kiingereza kama tunavyodhani. Transista ni Q, saketi unganifu ni U, koili ni L; hakuna hata moja iliyo herufi ya kwanza ya jina lake kwa Kiingereza. Mwingereza naye hujifunza Q kwa kukariri, kama sisi. Q na X hazimo katika alfabeti yetu ya Kiswahili sanifu, na kwangu hiyo ni faida: zikionekana kwenye bodi, hakuna atakayejaribu kuzisoma kama mwanzo wa neno. Ni alama, kama nota za muziki. Hakuna anayedai nota zitafsiriwe.

Lugha ina uwanja wake kwenye bodi hiyohiyo, na hapo ndipo tumezembea. Kando ya J1 kuna nafasi ya neno. Bodi iliyobuniwa Afrika Mashariki, itakayotengenezwa na fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, haina sababu ya kuandikwa "J1 POWER" na "J2 SPEAKER". Inaweza kuandikwa J1 UMEME, J2 SPIKA, J3 ANTENA, J4 BETRI. Anwani ibaki ya ulimwengu, jina la mwenye nyumba liwe letu. Kijana anayejifunza ufundi kwa Kiswahili atasoma kazi ya kila mlango kwa lugha anayofikiria nayo, na mchoro wake utaendelea kusomeka Osaka na Chicago.

Kisha tupate maneno ya kufundishia. "Jeki" haifai, kwa kuwa kwa Mswahili jeki ni ile inayoinua gari lililopasuka tairi. "Dume" na "jike" yana kazi yake katika kueleza umbo, nami sitaki yafe, ila hayafundishi tofauti ya J na P. Kwa hakika huipotosha. Napendekeza "mwenyeji" na "mgeni". Kiunganishi kilicholehemiwa kwenye bodi ni mwenyeji: J. Kinachokuja na kebo ni mgeni: P. Mwanafunzi hahitaji kuinama kuchungulia matundu. Anauliza tu nani anakaa na nani amekuja. Penye kebo mbili zinazokutana, wote wakiwa wageni njiani, sioni ubaya umbo likiamua. Na kwa kebo ya chaji inayofika kwenye simu iliyozimika, methali yetu ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" inakuwa maelezo sahihi ya kiufundi.

Nina ombi moja la mwisho kwa wachoraji, na wahakiki wa mashairi wataniunga mkono. Kiunganishi kikiondolewa katika toleo jipya la bodi, namba zilizobaki zisisogezwe. Kama J3 imefutwa, J4 ibaki J4, na orodha iseme wazi kwamba J3 haitumiki. Anayehakiki utenzi mrefu hutaja beti kwa namba. Mhariri akifuta ubeti mmoja na kuzihesabu upya zilizosalia, kila tanbihi iliyoandikwa kabla yake hugeuka uongo. Miongozo ya mafundi ni tanbihi za namna hiyo. Pengo katika namba halimdhuru mtu. Namba iliyobadilishwa mwenyewe ndiyo huleta balaa.

Mwaka 1928, wajumbe waliokutana Mombasa walikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na wapenzi wa Kimvita wana manung'uniko yao hadi leo. Ninayaelewa. Usanifishaji wowote humnyima mtu kitu. Lakini leo mtu wa Kigoma na mtu wa Lamu wanasoma kitabu kimoja cha sarufi, na hiyo ni faida ambayo hata mnung'unikaji huifurahia. Bodi zetu ni chache bado. Ni rahisi kukubaliana sasa, kabla kila karakana haijawa na lahaja yake. Watunzi na wanalugha mnaosoma hapa, pimeni "mwenyeji" na "mgeni" kwa masikio yenu. Kama mna jozi bora, ileteni. Mafundi wanasubiri maneno, na kazi ya kuyatafuta ni yetu.