Butembo na Beni si visiwa: njia zilindwe, pesa za barabara zionekane

Miji ya Butembo na Beni iko mbali na bahari, lakini wakaaji wake siku hizi wanaishi kama watu wa kisiwani. Upande wa kusini, barabara ya kitaifa nambari 2 kwenda Goma imekatwa na vita tangu M23 ilipoteka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, kisha ikasonga mbele katika mtaa wa Lubero. Upande wa Ituri, waasi wa ADF wanavizia wasafiri kwenye barabara nambari 4. Mlango mkubwa uliobaki ni Kasindi, mpakani na Uganda.

Kwa mlango huo zinaingia bidhaa zinazoshushwa bandarini Mombasa na kupitia Kampala. Kwa mlango huo kakao ya Beni inatoka kwenda sokoni. Tena, tangu Goma ilipoanguka Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, hata msafiri wa Goma anayekwenda Beni, ambako serikali ya jimbo imehamishia makao yake kwa muda, analazimika kuzunguka nchi jirani na kuingia tena Kongo kwa Kasindi. Ndege za Mavivi na Rughenda zinasaidia wenye uwezo. Mkulima wa viazi wa Lubero hawezi kupakia magunia yake kwenye ndege.

Vita haiwezi kumalizwa na wasafirishaji. Lakini si kila mzigo unaomlemea msafiri unatoka kwa waasi. Mwaka 2017 shirika la IPIS la Ubelgiji lilihesabu karibu vizuizi 800 katika Kivu mbili, vingi vikiwa vya watu wenye silaha, wakiwemo askari wa serikali. Pesa anayotoa dereva kizuizini hairudi kwa dereva: anaiongeza kwenye bei ya mzigo, mchuuzi anaiongeza kwenye bei ya unga, na mama wa familia ndiye anayeimaliza kulipa sokoni.

Kuhusu lami, mwezi Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua kazi za barabara, zikiwemo kilomita 80 za Kasindi-Beni na 54 za Beni-Butembo. Kazi zimekwenda polepole kuliko ahadi. Anayelipa peaji ana haki ya kujua kiasi kilichokusanywa kila mwezi na kilometa gani kilitengeneza.

Kuna jambo lingine linalozungumzwa kidogo, nalo linahusu uhai. Septemba 2011 huko Zanzibar, meli ya Spice Islander ilizama ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi, na hesabu ya waliokuwemo ikabaki ya kubishaniwa. Kwetu, malori yanabeba watu juu ya mizigo bila majina yao kuandikwa popote. Shambulio likitokea, familia zinazunguka hospitali na vyumba vya maiti zikitafuta ndugu. Orodha ya abiria, nakala moja ikiachwa kwenye kituo cha kuondokea, inagharimu karatasi na kalamu tu.

Misafara inayosindikizwa na askari nayo haitoshi peke yake. Septemba 1, 2021, msafara wa aina hiyo ulishambuliwa karibu na Ofaye, kwenye njia ya Komanda-Luna, na magari yakachomwa. Kusindikiza magari bila kulinda vijiji vya kando ya barabara ni kumwachia adui nafasi ya kungojea.

Serikali ya jimbo iko Beni sasa, inaona vumbi lile lile wanaloona wenye malori. Haina sababu ya kungoja ripoti. Iondoe vizuizi visivyo na sheria, ibandike kila kituo bei za peaji zinazotambuliwa, na iwalazimishe wenye magari kuandika majina ya abiria. Hayo matatu hayahitaji mkutano wa amani, na yanaweza kuanza wiki hii kwenye njia ya Kasindi.