Ndege mdogo wa Uluguru na bili ya maji Misugusugu

MFUGAJI wa Misugusugu mwenye kuku wa nyama 500 waliokaribia kwenda sokoni anahitaji zaidi ya lita 150 za maji kwa siku, na joto likipanda mahitaji nayo hupanda. Hayo ni madumu manane ya lita 20. Bomba likitoa maji, gharama hiyo haimsumbui. Bomba likikauka inabidi anunue kwa dumu, na faida ya banda zima inaweza kuishia mikononi mwa muuza maji.

Wengi bado wanakumbuka Oktoba 2022. Mto Ruvu ulipungua, Dawasa ikatangaza mgawo, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambayo kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku, ikashuka hadi kwenye lita milioni 300 hivi. Kibaha iliumia, Dar es Salaam ikaumia, na hata Kisarawe, ambako maji ya Ruvu yalifikishwa kwa bomba katika mradi uliozinduliwa mwaka 2020, walijua kwamba bomba jipya halina maji ya kwake peke yake.

Wakati ule mjadala wote ulikuwa juu ya pampu, visima na Bwawa la Kidunda. Hayo yote ni ya msingi. Leo, hata hivyo, tungependa kuzungumzia ndege, na tunaomba msomaji asitucheke kabla ya kufika mwisho.

Ndege huyo wataalamu wanamwita Scepomycter winifredae. Ni mdogo, kichwa na kifua chake ni rangi ya kutu, mwili uliobaki umefifia kama jani kavu. Hula wadudu anaowatafuta chini kabisa kwenye vichaka vizito vya msitu wa mlimani, na dume na jike huimba kwa kuitikiana. Alielezwa kitaalamu mwaka 1938 na Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, naye akampa jina la mkewe, Winifred. Kwa miaka mingi ilidhaniwa yupo pia milima ya Ukaguru na Rubeho, lakini mwaka 2009 watafiti, akiwamo Mtanzania Jacob Kiure, walionyesha kwamba yule wa Rubeho ni wa aina nyingine. Kwa hiyo huyu wetu amebakiwa na Uluguru tu.

Tuseme ukweli: ndege huyu hatakuja kula viwavi kwenye mahindi ya mtu yeyote Kibaha. Hawezi hata kuishi huku. Thamani yake kwetu ni kwamba hawezi kuhama. Anahitaji msitu wenye ukungu, wenye kivuli na vichaka vya chini ambavyo havijafyekwa. Mahali alipo, msitu bado ni msitu. Mahali alipotoweka, miti mirefu inaweza kuwa bado imesimama na mtu wa mbali akaona kijani, kumbe chini kumekwisha kuliwa na moto, majembe na shoka.

Na vichaka hivyo hivyo, pamoja na kuvumwani na majani yaliyooza, ndivyo vinavyonasa ukungu, kupokea mvua na kuiachia polepole ardhini. Miteremko ya mashariki ya Uluguru inaweza kupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, wakati Kibaha hupata kama milimita 1,000. Ruvu na Mgeta huanzia huko. Hatusemi ukame wa 2022 uliletwa na shoka; mvua za vuli zilichelewa, na watumiaji juu ya mto ni wengi. Tunachosema ni kwamba mlima ukiwa mtupu, mvua ikinyesha hushuka kwa siku mbili na tope lake, kisha Septemba mto hauna kitu.

Serikali ilipandisha hadhi misitu hiyo mwaka 2008 kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Ni hatua nzuri, lakini pembeni ya mpaka wanaishi wakulima wenye mashamba ya mteremko mkali, na wao hawali ndege wala ukungu. Mkoloni alijaribu kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miaka ya 1950. Mwaka 1955 watu waligoma, fujo zikatokea, mpango ukafa. Nusu karne baadaye mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine kule Kibungo Juu: mkulima anayechimba matuta na kupanda miti analipwa, na walipaji wakawa watumiaji wa chini ya mto, yaani Dawasco ya wakati huo na Coca-Cola Kwanza. Matuta yale yale yaliyokataliwa kwa viboko yalichimbwa kwa mkataba. Sisi wa uchumi wa kilimo hatushangai.

Tatizo ni kwamba malipo ya namna hiyo yakitegemea wafadhili na hisani ya kampuni, hufuata muda wa mradi. Tunashauri yaingie kwenye bei ya maji. Chukulia shilingi moja kwa kila dumu la lita 20, yaani shilingi 50 kwa uniti. Mfugaji wetu wa kuku 500 ataongeza shilingi nane kwa siku. Chukulia tena kwamba ni lita milioni 200 tu kwa siku ndizo zinazofika kwa wateja na kulipiwa. Hizo ni madumu milioni 10, sawa na Sh milioni 10 kwa siku, au zaidi ya Sh bilioni 3.6 kwa mwaka. Fedha hizo zinaweza kulipia matuta mengi na walinzi wa msitu wengi.

Wapo watakaosema mwananchi amechoka na makato, na wana haki. Makato mengi huingia kwenye mfuko ambao mlipaji hauoni tena. Ndiyo maana fungu hili liandikwe kwenye bili kwa mstari wake, lipite Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na kila mwaka ibandikwe orodha ya vijiji vilivyolipwa, huko mlimani na huku kwenye ofisi za kata. Kijiji kilichofyeka kisilipwe.

Ewura huitisha mikutano ya taftishi kabla ya kubadili bei za maji. Wafugaji, wauza mchicha na mama lishe wa Misugusugu wahudhurie utakapoitishwa mwingine, na waulize: katika kila uniti tunayolipia, shilingi ngapi zinapanda mlimani?