Masisi: ng'ombe wa nyama nyingi si lazima awe ng'ombe wa kukimbia naye

Masisi na Rutshuru, katika Kivu Kaskazini, ni nchi ya ng'ombe. Vita vimemaliza mifugo mingi, na familia zilizokimbia zinangojea siku ya kurudi kwenye malisho. Siku hiyo ikifika, zitajiuliza: wafuge ng'ombe wa mbegu gani?

Wengi watavutwa na mbegu za Ulaya. Inayosifiwa sana kwa nyama ni Blanc-Bleu ya Ubelgiji. Ng'ombe huyo amejaa misuli, na nyama yake ni laini, yenye mafuta kidogo. Sababu iligunduliwa mwaka 1997: jeni iitwayo miostatini, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isizidi kukua, imeharibika. Leo nywele chache za mnyama, zikiwa na mizizi yake, zinatosha kupima kama anaibeba.

Lakini nyama hiyo ina gharama. Ndama ni mkubwa, njia ya mama ni nyembamba. Huko Ubelgiji, ng'ombe wengi wa mbegu hiyo huzaa kwa kupasuliwa. Kijijini Masisi, usiku wa risasi, nani atampata mganga wa mifugo?

Kuchanganya mbegu kunapunguza hatari. Ndama wa mama Ankole na baba Blanc-Bleu hupata jeni moja iliyoharibika na moja nzima. Shida inaanza pale mtamba huyo anapopandishwa tena na dume la Blanc-Bleu: kwa wastani, nusu ya ndama watabeba jeni zote mbili zilizoharibika. Mfugaji asiyeambiwa hayo atampoteza mama pamoja na ndama.

Tena, mbegu peke yake haitoshi. Ng'ombe aliyetembezwa siku nyingi, akachinjwa akiwa amechoka, hutoa nyama nyeusi na ngumu, hata kama ni wa mbegu bora. Kumpumzisha na kumpa maji kunasaidia kuliko maneno mengi.

Kwa hiyo wale wanaogawa ng'ombe au kuuza mbegu za madume wana deni kwa wafugaji: waeleze wazi dume linabeba nini, na lisipandishwe kwa nani. Wasiidharau Ankole kwa sababu mapaja yake ni membamba. Familia iliyokimbia mara mbili, mara tatu, inahitaji kwanza ng'ombe anayeweza kutembea mbali na kuzaa bila kisu. Nyama nyingi itafuata, amani ikikaa.