TEMBEA UONE: ATHARI ZA WAZEE WETU KISIWANI PEMBA



Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kitabu chake tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotutangulia. Lakini wengi wetu, likizo ya watoto ifikapo, hatuna safari ila ya mjini na madukani. Mwezi huu twapenda kuwaelekeza Pemba, nchi ya vilima, mabonde ya mpunga na mikarafuu. Si kwa fukwe zake, bali kwa mambo ambayo hata wenyeji wengi hawajayaona.

La kwanza ni Ras Mkumbuu, ncha nyembamba ya ardhi magharibi ya Chake Chake, ambayo njia yake nyepesi ni mashua. Hapo pana magofu ya msikiti wa Ijumaa na makaburi yenye minara. Al-Mas'udi, mwanachuoni wa Baghdad, alisafiri kutoka Kanbalu kwenda Oman mwaka 304 Hijria (916 Miladi), akaandika kuwa kisiwani humo mna Waislamu. Wataalamu wengi waona kuwa Kanbalu ndiyo Pemba. Na chini ya msikiti huo wachimbuzi walikuta athari za msikiti wa kale zaidi, wa karne ya 10.

La pili ni Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake: ngome ya karne ya 15 inayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala aliyejulikana kwa ukali. Wazee husimulia kuwa kisima chake kiligawanywa kwa ukuta, ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Ikiwa ni kweli au ni hadithi tu, humo mna darasa kwa kila mwenye nyumba: amani isiyoletwa na uadilifu hailetwi na ukuta.

La tatu ni Kidike, kwenye popo wakubwa wala matunda ambao hawapatikani kwengine duniani ila Pemba. Waliwindwa hata ikachelewa kuwa watatoweka. Leo wanakijiji wenyewe ndio walinzi wao. Viumbe nao ni amana.

Ama adabu za ziara, ni hizi. Gofu la msikiti liingie kwa heshima ya msikiti. Makaburini toa salamu, uwaombee maiti rehema, wala usiwaombe wao haja. Usiokote jiwe wala kigae, kwani kilichoondoshwa hakirudi.

Enyi wazazi, msikawie. Mawimbi na mizizi ya miti hula kuta hizo kila mwaka, na mzee ajuaye khabari zake akifa haulizwi tena. Ni aibu kubwa mgeni wa mbali aje na daftari lake aujue msikiti wa babu zetu, naye mtoto wetu aulizwe asijue hata jina la mahali.

Wabillahi tawfiq.