Chasisi ya Land Rover ya zamani: rahisi gereji, ghali mpakani

OKTOBA 2024 wenye Land Rover walifurika jijini Arusha katika tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo. Mei 2025 wenzao wa Kenya nao wakafanya msafara wao Nakuru. Rekodi iliyokuwa ikiwindwa ni ya Ujerumani ya mwaka 2018, magari 632.

Kwa mfanyabiashara, cha kutazama katika misafara hiyo si rekodi. Ni umri wa magari yenyewe. Land Rover za miaka 30, 40 hata 50 bado zinabeba abiria, mifugo na shehena kwenye njia ambazo gari jipya huogopa. Swali la kibiashara ni moja: zitaendelea kusimama juu ya nini?

Ugonjwa wa magari hayo unajulikana. Bodi ni ya aluminiamu, haioti kutu kama bati. Chasisi ni ya chuma, imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia humo, yakakaa, na kutu ikala kutoka ndani kwenda nje. Mwenye gari huona tundu la kwanza wakati chuma cha jirani kimeshabaki chembamba kama karatasi. Sehemu zinazotangulia kuoza ni chuma cha kukatisha cha nyuma, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na mahali zinaposhikiliwa springi. Kwa magari ya Pwani, chumvi huharakisha kazi hiyo.

Kiwandani hakuna tena

Land Rover ya mwisho ya muundo wa zamani ilitoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, Januari 29, 2016. Defender mpya iliyokuja baadaye haina chasisi ya kutenganishwa na bodi, kwa hiyo haiwezi kuwa chanzo cha spea hiyo. Mahitaji yapo na mtengenezaji wa awali ameondoka. Mwanafunzi yeyote wa uchumi anajua kinachofuata: bei ya chasisi nzima iliyotumika hupanda, na pamoja nayo hupanda kishawishi cha kuuza chuma kisicho na historia safi.

Mwenye gari ana njia nne. Ya kwanza ni kuweka viraka. Ya pili ni kununua chasisi ya mtumba kutoka gari lililokufa. Ya tatu ni kuundiwa na fundi wa hapa kwa kufuata ya zamani. Ya nne ni kuagiza mpya Uingereza, ambako watengenezaji binafsi kama Richards na Marsland huuza chasisi zilizochovywa kwenye zinki.

Hiyo ya nne ndiyo yenye bei ya kutisha, lakini ina sababu yake. Chasisi nzima huzamishwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi, ikaingia hadi ndani ya sanduku, pale ambapo brashi ya rangi haifiki. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka zinki yenye wastani wa mikroni 55 kwa chuma cha unene wa milimita 1.5 hadi 3. Chasisi ya fundi wa hapa inaweza kunyooka vizuri, lakini ikipakwa rangi ya nje tu, kutu itaanza tena kule kule ndani.

Hesabu ya siku za kulala

Tuchukue mfano wa kubuni. Gari linamwingizia mwenyewe shilingi 10,000 za Kenya kwa siku baada ya kutoa mafuta na dereva. Kila baada ya miaka miwili linalala gereji siku 12 kwa viraka. Katika miaka kumi hizo ni siku 60, sawa na shilingi 600,000 zilizopotea, kabla ya kumlipa fundi hata senti. Kubadili chasisi mara moja kukichukua siku 30, hasara ni shilingi 300,000. Tofauti hiyo, pamoja na malipo matano ya fundi yaliyoepukwa, ndiyo fedha halali ya kulinganisha na bei ya chasisi mpya.

Kwa gari linalotoka Jumapili tu, hesabu hugeuka. Kama chuma kikuu bado ni kizima na kilichooza ni mikono ya pembeni peke yake, kiraka kizuri kinatosha.

Pima kabla ya kulipa

Kosa la wanunuzi wengi ni kuagiza kwa urefu tu. Series za inchi 88 na 109 hutumia springi za mabamba. One Ten iliyoanza 1983 na Ninety iliyoanza 1984 hutumia springi za koili. Chasisi ya kundi moja haikai kwenye jingine. Hata ndani ya One Ten kuna tofauti: mahali pa kufungia injini ya 200Tdi si pa 300Tdi, na Td5 iliyoingia 1998 ina mpangilio wake. Gari la abiria na pikapu pia hutofautiana. Muuzaji apewe mwaka wa gari, aina ya bodi, injini iliyomo sasa na giaboksi.

Usafirishaji nao una hesabu yake. Chasisi ya One Ten huingia kwenye kontena la futi 20, ambalo kwa ndani lina urefu wa takriban mita 5.9, lakini hailijazi. Katika kontena la kuchangia, mzigo mwepesi wenye umbo kubwa hulipiwa kwa ujazo, si kwa uzito. Wanaoagiza pamoja chasisi mbili tatu hugawana gharama hiyo. Na ikumbukwe kwamba forodha ya Afrika Mashariki hukokotoa ushuru juu ya thamani yenye nauli na bima ndani yake, kisha VAT hufuata: asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania na Uganda. Nauli mbaya hutozwa kodi pia.

Forodha inaona nini?

Hapa ndipo wengi huumia. Chasisi tupu ni spea, na huingia kichwa cha 87.08 cha vitabu vya forodha. Ikifungwa injini, inahamia 87.06. Ikiwekwa na kabini, inahesabiwa kuwa gari kamili. Vivyo hivyo kwa Land Rover nzima iliyofunguliwa vipande vipande: kanuni za uainishaji huruhusu kuitambua kama gari, hata ikiwa imefungwa kwenye masanduku.

Tofauti hiyo si ya kiwango cha ushuru peke yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Uganda, kwa sheria ya 2018, ilifunga mlango kwa magari ya miaka 15 na kuendelea. Kwa hiyo anayeona ni ujanja kununua Ulaya "chasisi na injini yake pamoja" anaweza kujikuta anajibu maswali ya umri wa gari. Ankara iandikwe wazi: chasisi tupu, mpya, bila injini. Kwa Kenya na Tanzania, wakala aulizwe mapema kuhusu cheti cha ubora kinachotolewa kabla mzigo haujapakiwa melini.

Namba ndiyo gari

Injini hubadilishwa na maisha yakaendelea. Namba ya chasisi ndiyo jina la gari. Kwenye Land Rover hizi hugongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, na ofisa wa Namanga, Holili, Busia au Mutukula anapojaza kibali cha muda cha C32 anaweza kuinama kuilinganisha na kadi.

Anayenunua chasisi ya mtumba ananunua jina la gari lingine. Bila kadi halisi, mkataba wa mauziano na uthibitisho kwamba gari lile limefutwa kwenye daftari la usajili, unafuu wa bei ni mtego. Kukata kipande chenye namba ya zamani na kukichomelea kwenye chasisi nyingine ni kubaya zaidi, kwani ndivyo wafanyavyo wezi, na ofisa hana njia ya kukutofautisha nao.

Si jambo la mipaka yetu tu. Julai 2014 serikali ya Marekani ilikamata Defender zipatazo 40 katika majimbo kadhaa, ikidai kuwa namba zilitumika kuyafanya magari yaonekane ya zamani zaidi ili yafaidi msamaha wa magari yenye miaka 25. Baadhi ya wamiliki walirudishiwa magari yao baadaye, lakini baada ya mawakili na muda.

Chasisi mpya kwa kawaida huja bila namba ya gari. Kwa hiyo utaratibu uanze kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa: gari likaguliwe likiwa zima, namba ya zamani ipigwe picha, na mamlaka ya usajili iombwe idhini kwa maandishi, NTSA kwa Kenya na TRA kwa Tanzania. Namba igongwe kwa idhini hiyo, kwa kina cha kutosha isifunikwe na zinki au rangi. Chasisi ya zamani isiuzwe chuma chakavu hadi kadi iwe imenyooka.

Kwa msafirishaji anayevuka mpaka kila wiki, mpangilio wa uchaguzi basi ni huu: karatasi kwanza, vipimo pili, zinki tatu, bei mwisho. Chasisi ya fundi wa hapa yenye idhini ya maandishi ni bora kuliko ya Uingereza isiyo nayo. Na ile ya mtumba isiyo na kadi, hata ikitolewa bure, ni ghali.