Jongoo Wetu Hana Jina Mezani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa katika mambo ya duka na ushirika. Leo safu hii yaitaja kwa ajili ya chakula cha jioni kilichoandaliwa mbali sana na visiwa vyetu, katika mkahawa wa Kichina ulio ndani ya hoteli ya fahari mjini Hong Kong. Mwandishi alifika hapo kwa mwaliko wa wenyeji wake, kwani kwa mfuko wake mwenyewe asingevuka kizingiti.

Si haki kuubeza mkahawa wa namna hiyo kwa sababu tu ya gharama yake. Upishi wa humo ni ustadi wa miaka mingi, na dunia imekwisha kuutambua. Toleo la 2009 la mwongozo wa Michelin liliupa nyota 3 mkahawa wa Lung King Heen, ulio katika hoteli ya Four Seasons mjini humo, nao ukawa mkahawa wa kwanza wa Kichina kupata daraja hilo. Anayeketi katika mikahawa ya jinsi hiyo hulipia chakula, na hulipia pia maarifa ya aliyekipika.

Tuliketi kwenye meza ya duara yenye sinia la kioo linalozunguka katikati. Chai ilitangulia. Kila ilipomiminwa, wenyeji wetu waligonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili, ndiyo shukrani ya kule. Kisha vyakula vikaja kimoja baada ya kimoja, na kila kimoja kilikuja na nasaba yake. Chai, tuliambiwa, ni Longjing, ya vilima vya Hangzhou. Paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ambalo hukoleza supu, ni la Jinhua. Abaloni, yule konokono wa baharini anayethaminiwa mno na Wachina, alikuwa wa Yoshihama, kijiji cha pwani nchini Japani, na bei yake hupangwa kwa kuhesabu ni wangapi wanaotimiza ratili moja ya Kichina.

Ndipo akaletwa jongoo wa bahari. Alikuwa mzima, mweusi, anang'aa kwa mchuzi mzito, amelazwa juu ya mboga za kijani kama mtu wa heshima. Mwandishi alimtambua mara moja. Ni yuleyule ambaye watoto wetu humkanyaga bamvua linapokupwa, na ambaye hapana nyumba ya Unguja wala Pemba inayompika. Tukauliza: huyu naye ametoka wapi? Mhudumu, kijana mwenye adabu nyingi, aliomba radhi akaenda jikoni kuuliza. Aliporudi alisema neno moja tu: "Afrika."

Chai ilikuwa na kilima chake, na konokono alikuwa na kijiji chake. Jongoo alipewa bara zima, na anayepewa bara zima kwa kweli hakupewa kwao. Mwandishi hakumla, kwa kuwa mchuzi ule hupikwa kwa kuku pamoja na lile paja la Jinhua. Alimtazama tu hadi sinia lilipozunguka likampeleka kwa wengine. Hatuwezi kuapa kwamba jongoo yule alitoka katika maji yetu. Wala yeyote mezani pale asingeweza kuapa, na hilo ndilo neno letu la leo.

Tuifuate safari yake. Hapa visiwani jongoo huokotwa na kina mama kwa miguu maji yakipwa, au huchukuliwa na wapiga mbizi kwenye kina. Hupasuliwa, hutolewa matumbo, huchemshwa na kuanikwa. Yule aitwaye jongoo mchanga, kwa sababu hujilaza mchangani, lazima pia aondolewe utando wa chokaa uliomo katika ngozi yake. Akikauka hubakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya uzito aliokuwa nao alipokuwa hai. Akiungua, au akipasuliwa vibaya, hushuka daraja. Baada ya hapo hupita mikononi mwa wachuuzi na mawakala hata afike kwenye maduka ya vitu vikavu ya mtaa wa Sheung Wan, ambako jongoo mchanga wa daraja la juu huuzwa kwa mamia ya dola za Kimarekani kwa kilo. Jikoni hulowekwa siku kadhaa, akibadilishiwa maji mara kwa mara, ndipo apikwe. Peke yake hana ladha kubwa. Thamani yake hutokana na ulaini wake na namna anavyounywa mchuzi.

Katika safari hiyo ndefu, kila anayemshika humwongezea thamani kwa maarifa, ila sisi tunaoanza. Sisi humwuza upesi na kwa jumla, wakubwa kwa wadogo katika gunia moja, na gunia hilo halina cheti cha kijiji, cha mwezi wala cha aliyelikausha. Kwa hiyo mnunuzi hana sababu ya kutulipa zaidi ya anavyomlipa mwingine. Bidhaa isiyo na jina haina pa kusimamia bei yake.

Liko na jambo zito kuliko bei. Jongoo hula mchanga, akanyonya uchafu uliomo, akautoa ukiwa safi. Kazi yake baharini ni kama ya nyungunyungu shambani. Huzaliana kwa kumwaga mayai na mbegu majini, na wakiwa wachache na mbalimbali mbegu hazikutani na mayai. Basi mahali palipovunwa kupita kiasi hapajazi tena kwa haraka. Upande wa Bara uvunaji wake ulipigwa marufuku miaka ya mwanzo ya karne hii. Mwaka 2020 jongoo aitwaye pauni, mweupe kwa mweusi, aliingizwa katika orodha ya CITES ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa lazima idhibitiwe. Nao wapiga mbizi wetu, kwa kuwa wa karibu wamekwisha, hushuka kina kirefu zaidi kila mwaka, na wako waliorudi juu wamepooza. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Tunajua jibu litakalotolewa. Mvuvi atasema: jina halipiki uji; mimi nataka fedha leo, na nikimwacha mdogo, mwenzangu atamchukua kesho. Hoja hiyo ni ya haki, na hatumlaumu aliyeisema. Lakini haijibiwi kwa kumwacha kila mtu ajichukulie. Hujibiwa kwa kuafikiana. Kisiwa Panza, huko Pemba, wananchi wenyewe wamewahi kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaifungua kwa pamoja. Kinachowezekana kwa pweza, ambaye hukua upesi, chapaswa kujaribiwa kwa jongoo, ambaye hutaka subira zaidi.

Wengine watadai kwamba matajiri wa hoteli hawajali samaki ametoka wapi wala amevuliwaje. Mambo yaliyokwisha kutokea yanawapinga. Kampuni inayomiliki hoteli ya Peninsula ya Hong Kong ilitangaza Novemba 2011 kwamba kuanzia Januari 1, 2012 haitaandaa tena supu ya mapezi ya papa, nayo ilikuwa fahari ya karamu za Kichina tangu kale. Mwishoni mwa 2013 serikali ya China ikayaondoa mapezi hayo katika karamu zake rasmi. Ikiwa meza kubwa kama hizo ziliweza kukataa kilichopatikana kwa uharibifu, hapana shaka zaweza pia kuchagua kilichopatikana kwa uangalifu na kukilipia. Sharti kwanza wapo wa kuwathibitishia.

Na uthibitisho huo ni kazi ya serikali. Tangu 2020 viongozi wetu wameuweka uchumi wa buluu mbele ya mambo mengine. Kituo cha kutotolea vifaranga vya baharini kimejengwa Beit-el-Ras, na ufugaji wa jongoo umeanza katika baadhi ya vijiji. Hayo twayapongeza. Lakini kifaranga kilichofugwa kwa gharama kikiingia katika gunia lilelile lisilo na cheti, faida yake itaishia njiani kama ya ndugu zake wa porini.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Kwanza, kiwekwe kipimo cha jongoo anayeruhusiwa kuuzwa, na kipimo hicho kikaguliwe kwa mnunuzi na bandarini, asibebeshwe lawama zote mama aliyeko ufukweni. Pili, kila gunia liandikwe kijiji, mwezi, aina na daraja, na daftari la habari hizo liwe wazi kwa kamati za wavuvi. Tatu, maofisa wa uvuvi wafundishe ukaushaji bora kijiji kwa kijiji, kwa sababu shilingi nyingi hupotea kwenye sufuria na jamvi. Nne, vikundi vya wavuvi vipewe nafasi ya kukutana na wanunuzi moja kwa moja.

Wachina si wageni kwetu. Vyombo vyao vya kaure vilipamba makaburi na misikiti ya mwambao karne nyingi zilizopita, na madaktari wao wametibu wagonjwa wetu tangu 1964. Ujirani wa muda mrefu namna hiyo hauzuii mtu kudai haki yake katika biashara, humrahisishia. Twataka siku moja mgeni wa visiwani akiuliza katika hoteli ile jongoo ametoka wapi, mhudumu asilazimike kwenda jikoni. Atamke bila kusita: Unguja Ukuu, au Kisiwa Panza, na bei iliyoandikwa mbele ya jina hilo iwe imemfikia pia mama aliyemwokota.